Mkuki Juu ya Mlango

Rwamgasa, Geita
9 Mei 1954

Kwa mume wangu Marselino,

Salamu. Mimi na Serafina wetu tu wazima. Salamu zinaishia hapo, maana nina hasira.

Kwanza nasema na wewe, karani Eustace, kwa sababu najua ni wewe uliyeishika barua hii. Soma yote. Usiruke, usilainishe, wala usikohoe unapofika pabaya. Nimesoma kwa masista mpaka darasa la nne na ninajua nilichoandika.

Sasa wewe, Baba Serafina. Gari la Chama lilipokuja kukuchukua mwezi wa pili, yule Bwana Mkubwa wa Kizungu alisimama uani kwangu akasema, karani huyu akimtafsiria, kwamba wanawafundisha kazi watu walioumia, vipofu na viwete, kisha wanawatafutia ajira. Akasema ni miezi mitatu tu. Nikakufungia nguo zako, nikakupandisha garini. Miezi imekwisha. Nimekwenda barabarani kusubiri gari nikarudi na vumbi usoni, watu wakiniona. Kisha naletewa barua kwa mwandiko mzuri wa mtu mwingine, eti bado unajifunza vikapu. Vikapu! Mtu aliyekuwa akishuka shimoni na baruti, ambaye wazungu wa mgodini walimwita kwa jina lake! Bibi yangu alisuka vikapu hana jino hata moja, na hakufundishwa na Chama chochote.

Macho yamekwenda na baruti, Mungu ndiye ajuaye. Lakini mdomo umebaki, mbona huutumii?

Kaka yako Bujiku anakuja kila jioni kutuangalia. Anakaa kwenye kigoda chako. Nimemwambia mwenyewe yuko njiani, kwa hiyo usinifanye mwongo.

Nakuuliza jambo moja. Ulipopanda gari ulininong'oneza neno sikioni. Lirudie katika barua yako, nijue ni wewe unayejibu wala si karani.

Rudi kabla ya mvua.

Mkeo,
Eufrasia


Chama cha Kazi kwa Walioumia
Shinyanga, 24 Mei 1954

Kwa Mama Serafina,

Barua nimesomewa. Nimeisikia yote.

Mimi ni mzima na chakula kipo. Kikapu changu cha kwanza kilikaa upande, cha pili kikasimama. Sasa nimeanza kusokota kamba za katani. Miezi mitatu haikutosha kwa sababu vidole vyangu vilizoea nyundo, na vidole vya nyundo ni vizito. Vimeanza kusikia kidogo kidogo.

Hupendi vikapu. Hata mimi sivipendi. Lakini nikisuka, kitu kinaisha mkononi mwangu na ninajua ni mimi niliyekimaliza. Nyumbani sikumaliza kitu tangu nilipoumia.

Msalimie Bujiku. Mwambie kigoda kile mguu wake mmoja ni mbovu.

Siwezi kurudi sasa. Usinisubiri barabarani.

Marselino

Nyongeza ya mwandishi: Mama, nimeandika kama nilivyoambiwa. Tafadhali barua zijazo ziandikwe kwa adabu, kwa kuwa mimi ndiye ninayezisoma kwa sauti. — Eustace, Karani wa Chama.


Rwamgasa
13 Juni 1954

Kwa karani Eustace,

Leo nakuandikia wewe. Mume wangu simtaki katika barua hii.

Nilimwuliza neno aliloninong'oneza. Jibu limekuja na vikapu, limekuja na katani, limekuja na mguu wa kigoda, neno halimo. Mwanamume hasahau neno alilomwambia mkewe akiwa mguu mmoja garini. Kwa hiyo uliliruka swali langu. Umeyameza maneno yangu, ukamsomea yale yaliyokupendeza, kisha ukaniambia niwe na adabu.

Nani amekupa ruhusa ya kuchagua? Mume wangu alikosa macho, akapewa yako. Macho ya mtu hayamchagulii cha kuona.

Tena nikuambie ninavyofikiri. Ninaona ninyi mnawahitaji vipofu kuliko wao wanavyowahitaji ninyi. Wote wakirudi kwao, utakuwa karani wa nani? Utakaa na viatu vyako vya kung'aa unaandika barua kwenda wapi? Ndiyo maana kila mwezi mnasema bado anajifunza. Ndama anajifunza kusimama siku anayozaliwa, na huyu wangu ni mtu mzima.

Msomee tena barua yangu ya Mei. Nzima. Kisha uniletee jibu lake, usiniletee lako.

Eufrasia, mke wa Marselino


Shinyanga
28 Juni 1954

Mama Serafina,

Nimepokea matusi yako ya tarehe 13 Juni. Ninakuarifu ya kwamba sikuruka hata mkato.

Pengine hujui mambo ya hapa yanavyokwenda. Barua zote husomwa Jumamosi mchana karakanani, kwa sauti, kila mtu akiwa ameketi mahali pake pa kazi. Si mimi niliyeanzisha. Waliamua wenyewe kabla sijaajiriwa, kwa sababu mtu akiitwa pembeni kusomewa barua, wenzake wote hudhani amefiwa, na kazi husimama mchana kutwa. Kwa hiyo hakuna anayeitwa pembeni. Barua ya mmoja ni barua ya wote.

Yako, Mama, ndiyo inayosubiriwa kuliko zote. Nilipofika pale uliposema nisikohoe, koo likanikereketa nikakohoa, karakana nzima ikaangua kicheko hata kiwete mmoja wa Segese akadondoka kwenye benchi. Tangu siku hiyo hawaniiti kwa jina langu. Wananiita Usiruke. Bibi yako asiye na meno wanamjua. Viatu vyangu, ambavyo vipofu hawajaviona, sasa wanaviulizia.

Swali lako la neno la sikioni nililisoma kama lilivyo. Watu waliacha kusuka wamsikilize mumeo. Akasema, "Endelea." Nikaendelea.

Ninakuomba uelekeze hasira yako panapostahili.

Wako katika kazi,
Eustace, Karani wa Chama


Rwamgasa
25 Julai 1954

Kwa Marselino, na kwa ninyi nyote mnaosikiliza,

Wakubwa, shikamooni. Wadogo, hamjambo. Karibuni kwangu, maana naona mlikwisha kuingia bila kubisha hodi.

Marselino, ulijua. Ulijua kwamba ninakuandikia wewe mbele ya benchi zima la wanaume, na hukuniambia. Umeniacha nimesimama bila nguo mbele za watu, ukaona ni sawa kwa kuwa wengi hawaoni. Kama ningekuwa mimi kipofu na wewe unaandika, ningekuambia barua ya kwanza kabisa.

Sasa sikieni na hili, mcheke vizuri. Kalisti yule mchuuzi wa Maganzo amepita hapa na vitenge vyake. Akasimama dukani akasimulia mbele ya watu kwamba amemwona mume wangu kwenye maonyesho ya kilimo huko kwenu. Ameketishwa chini ya kibanda cha nyasi, upande mmoja maboga, upande mwingine dume la ng'ombe lililopata zawadi, na nyuma yake bango: KIPOFU HUYU ANAWEZA. Watu wanapita, wanamtazama anasuka, wanamrushia senti, kisha wanakwenda kulitazama dume. Kalisti anasema dume ndilo lililopendeza zaidi.

Hiyo ndiyo ajira mliyomtafutia? Mbona hata hapa Rwamgasa tungeweza kumweka karibu na ng'ombe bila kumpakia kwenye gari?

Bujiku alikuwapo wakati Kalisti anasimulia. Akatikisa kichwa akasema, "Maskini ndugu yangu." Siku ya pili yake alikuja akautoa mkuki wako pale juu ya mlango, akasema anakwenda kuunoa kwa sababu fisi wamezidi. Hajaurudisha. Nakupa habari tu.

Pamba imevunwa. Mvua haziko mbali.

Eufrasia


Shinyanga
10 Agosti 1954

Kwa Mama Serafina,

Kalisti alisema kweli, lakini hakusema yote, kwa sababu aliondoka mapema.

Sikujua bango limeandikwa nini. Niliambiwa tunakwenda kuuza vikapu. Mwanamke mmoja alipita akalisoma kwa sauti. Nikauliza, "Kipofu yupi?" Akacheka. Nikaweka kikapu chini, nikainuka nikaondoka, nikaligonga zizi la lile dume, wakacheka tena. Wenzangu nao wakaweka vikapu vyao chini. Jumatatu hakuna aliyeshika kazi. Tulimwambia Bwana Mkubwa wa Chama kwamba tulikuja kutafutiwa kazi, hatukuja kuonyeshwa. Alikasirika, akasema hatuna shukrani, akasema matajiri waje kutuona ndipo watuajiri. Tukasema waje watuone tukiwa kazini. Karani Eustace ndiye aliyetutafsiria. Aliogopa sana, lakini alitafsiri. Bango limepikiwa uji.

Baada ya hapo Bwana Mkubwa alikwenda mwenyewe kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, akazungumza nao siku nyingi, na sasa nimepata kazi huko. Ninashona magunia yaliyotoboka. Ninapitisha mkono ndani ya gunia, nikiona tundu ninalishona. Ninaingia saa moja na wenye macho, ninatoka nao, na mnyapara ananitukana kama anavyowatukana wao. Siku ya kwanza aliponitukana nilifurahi. Kazi ni ya kudumu.

Kwa hiyo sirudi Rwamgasa. Ulitaka jibu, hilo ndilo.

Habari ya mkuki nimeisikia.

Marselino

Nyongeza ya mwandishi: Niliogopa kidogo tu. — Eustace.


Rwamgasa
29 Agosti 1954

Marselino,

Barua yako ina dume, ina mnyapara, ina magunia, ina karani anayeogopa. Mkeo hayumo. Mtoto wako hayumo.

Na habari ya mkuki, ambayo wewe unajua ni habari gani, umejibu "nimeisikia". Mtu akipotelewa na kuku husema zaidi ya hapo.

Usiniandikie tena kwa mkono wa mtu. Sitaipokea, nitamwambia mwenye duka anayetupokelea barua airudishe ilikotoka. Kama huna la kuniambia mimi peke yangu, basi huna mke. Umepata magunia. Gunia likupikie, gunia likuzalie.

Na ninyi wengine, leo hakuna cha kucheka. Rudini kazini.

Eufrasia


Shinyanga
16 Septemba 1954

Mama Serafina,

Barua hii ni yangu mwenyewe, si ya mumeo, kwa hiyo huna sababu ya kuirudisha.

Sitaficha kwamba nimechoka na wewe. Tangu mwezi wa tano ninatukanwa kwa sauti yangu mwenyewe mbele ya watu ninaowafanyia kazi. Nimekuwa nikiomba usiku na mchana upate njia nyingine ya kusema na mumeo bila kupitia kinywani mwangu. Njia imepatikana.

Hapa tuna mwalimu kipofu aliyetoka Tabora anayefundisha maandishi ya nukta, yale yanayosomwa kwa kidole. Mumeo alikuwa hayataki. Alisema shuleni alikwisha kwenda mara moja na inatosha. Lakini siku niliposoma barua yako ya Julai, ile ya mkuki, alibaki baada ya watu kuondoka akamwomba mwalimu aanze naye. Kila akitoka kiwandani anakuja kujifunza. Amewahi kutupa kile kibao cha kuandikia ukutani, lakini akakiokota.

Humu ndani kuna karatasi nene. Ameiandika kwa mkono wake. Mimi ninaweza kuzisoma nukta kwa macho, polepole, lakini alinikataza nami nikatii. Amini au usiamini.

Karatasi ya pili ni mwandiko wangu: kila herufi na nukta zake, upate kusoma. Ukitaka kujibu, laza karatasi nene juu ya kitambaa utoboe kwa ncha ya sindano butu, usiipasue. Nukta huinuka upande wa chini, kwa hiyo anza kulia kwenda kushoto na kila herufi uigeuze. Ukisahau kuigeuza atasoma upuuzi, na hilo litakuwa shauri lako.

Sitegemei shukrani.

Eustace


Shinyanga
14 Septemba 1954

Eufrasia,

Hizi ni nukta zangu. Hakuna aliyezisoma.

Neno nililokunong'oneza ni hili: mkuki wangu usiondoke mlangoni. Ulilijua. Ulitaka nilirudie, nami sikuweza kulisema mbele ya watu, kwa sababu ni sawa na kumtaja Bujiku kwamba ni mwizi, na Bujiku ni ndugu yangu wa tumbo moja.

Kwetu mkuki wa mtu hutolewa juu ya mlango akisha kuzikwa, na anayeutoa ndiye anayerithi nyumba na mke. Wewe umeolewa kwetu, unajua. Na karakanani wengi ni watu wa kwetu. Karani aliposoma kwamba mkuki umetolewa, hakuna aliyecheka. Jirani yangu wa benchi akanishika goti kama tuko msibani. Nami ndiye maiti. Ulitaka nijibu nini hapo?

Lakini nitakuambia ukweli. Nyumbani nilikwisha kufa kabla ya mkuki. Watu wakija walikuwa wananipita, wanakuuliza wewe, "Ameamkaje?" Nami nimeketi papo hapo. Ulikuwa unanitilia tonge mkononi. Ulimkataza Serafina asinichokoze. Ulinifungia kamba kutoka kitandani mpaka chooni niishike nikienda, uliifunga kwa wema, nami niliichukia kamba ile kuliko giza. Siku nyingine nilikuchukia na wewe. Nasema kwa kuwa tuko wawili tu.

Kiwandani wamenipa chumba. Mwenye ndoa anaruhusiwa kukaa na mkewe. Nimekipata tangu Agosti na sijakuita. Niliogopa utakuja na ile kamba.

Kama umemkubali Bujiku, niambie kwa nukta. Nisisomewe Jumamosi.

Marselino


Rwamgasa
3 Oktoba 1954

Marselino,

Nukta ni kazi ya wazimu. Karatasi ya kwanza nilisahau kugeuza. Ya pili niliipasua. Hii ni ya tatu na vidole vinauma, kwa hiyo sitakupamba kwa maneno.

Kamba ile nimemfungia mbuzi tangu ulipoondoka. Hukusema huitaki. Tonge nalo hukusema hulitaki, ulikuwa unakula. Ningejuaje? Ulikaa kwenye nyumba yako kama mgeni anayengoja lori, nami nikakuhudumia kama mgeni. Siku nyingine nilikuchukia pia. Tuko sawasawa.

Bujiku alikuja na wazee na mtungi wa pombe kunirithi. Nikawakaribisha, nikawapa viti. Nikawauliza, "Marehemu mmemzika wapi, niende nikalie?" Nikasema ndoa yangu ni ya kanisani na mume wangu anatukanwa na mnyapara kila siku huko Shinyanga, maiti hatukanwi na mnyapara. Mzee mmoja akacheka, mambo yakaishia hapo. Pombe waliinywa.

Mkuki nilikwenda kuuchukua mchana kweupe. Mke wa Bujiku mwenyewe ndiye aliyenipa. Haujanolewa hata kidogo, una kutu ileile.

Shamba nimemwachia dada yangu Justa. Nakuja na Serafina kwa lori analopanda Kalisti, Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, mchana. Uje pale sokoni malori yanaposimama, uje mwenyewe. Eustace asije. Nikiona mtu yeyote amekushika mkono, sishuki, narudi na lori hilohilo.

Sitakuita wala sitakufuata. Nitasimama mahali pamoja na kugonga mkuki chini, na wewe utakuja mpaka uushike. Kisha utatupeleka kwenye hicho chumba, wewe mbele na sisi nyuma, na utautundika juu ya mlango kwa mkono wako.

Mkeo, si mjane wako,
Eufrasia